Benchi la Nyuma

Masanduku yalikuwa mawili na vitu vilikuwa vya masanduku matano. Tangu asubuhi Blandina alikuwa anafunga na kufungua, anatoa sufuria anaingiza mablanketi, anatoa mablanketi anaingiza cherehani ya mkono, na kila alipodhani amemaliza aliona kitu kingine ambacho asingeweza kukiacha Durban. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi Juni, mwaka wa tisini na tisa. Basi la Johannesburg lilikuwa Jumatatu alfajiri. Kutoka Johannesburg ni Harare, kutoka Harare ni Lusaka, kisha treni mpaka Makambako, na kutoka hapo, alivyopenda kusema mwenyewe, hata kwa kutambaa mtu anafika Njombe. Miaka mitano ya ugenini ilikuwa imebakiza siku nne, na siku nne hizo zilimwasha kama upupu. Njombe kulikuwa na Lulu, binti yao, aliyeachwa kwa bibi yake akiwa na miaka minne, na sasa alikuwa anaandika barua za kuuliza kama mama bado ana mwanya wa meno.

"Na hii picha?" aliuliza mumewe, Tito, akiwa amesimama juu ya kochi.

"Hiyo inakwenda. Hata kama mimi nabaki."

Ilikuwa fremu pana, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu: BWANA YUMO HUMU, ANASIKIA. Tito aliitengeneza kwa mikono yake, kwa mabaki ya mbao kutoka kiwanda cha samani cha Jacobs alikokuwa fundi seremala. Kila mgeni aliyeingia katika kile chumba kimoja cha Albert Park aliisifia. Tito hakuwa mtu wa kujisifu, ila alikuwa na tabia ya kumkalisha mgeni mahali ambapo angeiona.

"Kioo hiki hakifiki Harare," alisema. "Nakitoa. Karatasi tunakunja, fremu nafungua vipande vinne, nyumbani nagonga upya."

Aliilaza mezani, akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari ya nyuma mmoja mmoja. Alipoinua hadibodi, chini yake kulikuwa na bahasha ya kaki, kubwa, ngumu. Aliitoa akamrushia mkewe bila kuitazama. "Shika pateni yako ya zamani."

Blandina aliidaka. Akakaa juu ya sanduku lililokuwa wazi, likabonyea.

"Baba Lulu. Hii umeitoa wapi?"

"Si umeniona?"

"Siulizi leo. Siku ile ulipoiweka humo, uliitoa wapi?"

"Juu ya kabati, kwenye makaratasi yako ya kukatia nguo. Nilitaka kitu kigumu cha kuzuia unyevu. Durban hii picha zinajikunja kama dagaa kwenye kikaango. Kwani ulikuwa unaihitaji?"

Blandina alifungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja nzito, yenye mihuri miwili na picha ya msichana aliyevaa kofia nyeupe ya unesi. Tito alisogea. Hakujua Kifaransa, lakini jina halihitaji kutafsiriwa. Élisabeth Nabintu, Bukavu, 1986.

"Lakini ulisema hakukupa," alisema polepole.

"Nilisema."

"Uliapa, Blandina."

"Niliapa."

Habari yenyewe wao hawakuhitaji kukumbushana, ila msomaji anaihitaji, basi na aelezwe kwa ufupi. Mwaka wa tisini na saba Élisabeth, aliyekimbia vita vya Bukavu akiwa na mimba na bahasha hiyo moja, alipanga chumba cha jirani kwenye ghorofa hilohilo. Alikuwa nesi wa miaka kumi. Hospitali moja ya misheni nje ya mji ilimwambia alete cheti chake, nafasi ipo, itamngoja mwezi mmoja. Kabla hajaenda, uchungu ukamkamata. Akiwa ameshikilia ukuta wa korido alimpa Blandina bahasha amtunzie, maana mlango wake haukuwa na kufuli. Blandina aliificha kati ya pateni zake, kwa sababu hakuna mwizi duniani anayeiba karatasi za kukatia magauni. Hesabu ilikuwa nzuri, kasoro yake moja tu: hakumwambia mumewe.

Wiki iliyofuata Élisabeth alirudi na mtoto aliyemwita Grâce, bahasha haipo. Blandina alipekua kabati, godoro, mpaka ndoo ya unga. Siku ya kwanza alisema, "Naitafuta." Siku ya pili alisema vilevile. Siku ya tatu Élisabeth alilia kwenye korido, majirani wakatoka wakamtazama Blandina kwa jicho lile la kumtazama mwizi, na Blandina akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, "Dada, wewe hukunipa kitu." Neno hilo lilifika kwa wazee wa kanisa, likaapiwa juu ya Biblia, na Tito, naye mzee wa kanisa, akasimama akasema mke wake hajui kusema uongo. Élisabeth akatakiwa aombe radhi kwa kumsingizia. Akakataa. Akawekwa chini ya marudi: asishiriki Meza ya Bwana, akae benchi la nyuma mpaka siku atakapotubu. Vijana wa kwaya wakampa jina, Nesi wa Mdomo. Miaka miwili sasa, kila Jumapili, alikuja akakaa palepale nyuma, na hakutubu.

"Uliniacha," alisema Tito, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, "uliniacha nisimame mbele ya kanisa zima, nimwite mama wa watu mwongo."

"Ningesema nini? Niseme nilipewa, halafu iko wapi? Ningeonekana nimeiuza. Makaratasi yalikuwa yanauzwa siku zile, hukusikia?"

"Ungeniambia mimi."

"Nikuambie wewe uliyeipigilia misumari?"

"Sikujua!"

"Najua hukujua. Mimi nilijua nimepewa, sikujua iko wapi. Wewe uliiweka, hukujua ni ya nani. Haya, gawanya dhambi hiyo, Mzee wa Kanisa, tuone nani anapata kipande kidogo."

Tito aliitazama ile fremu tupu mezani. Alikuwa na hasira na mkewe, na alikuwa na haya ya nafsi yake, na vitu hivyo viwili vilikuwa vinasukumana kifuani mwake bila kupata njia. Mwishowe alifanya alichozoea kufanya akishindwa, akaokota misumari yote iliyong'olewa, akaanza kuinyoosha kwa nyundo mmoja mmoja.

* * *

Kesho yake alitakiwa kwenda kwa Pasta Jacques. Safari haikuwa ya hiari. Dayosisi ya nyumbani ilikuwa imemkubali Tito awe mwalimu mkuu wa chuo chake cha useremala, kwa sharti moja: aje na barua ya kanisa la ugenini, yenye muhuri, kwamba ameishi kwa uaminifu na hana shauri na mtu. Barua hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yao, shamba lao na shule ya Lulu. Miaka mitano haikuwa imewapa kitu kingine cha kuonyesha, ukiacha cherehani na mablanketi.

Pasta Jacques, Mkongo mnene mwenye moyo mwema na sauti ya kuamsha wafu, siku za wiki alikuwa na kiduka cha simu. Alimtoa mteja kwenye kiti ili Tito akae.

"Mzee Tito! Barua yako iko tayari, na cachet, muhuri, juu yake. Nimeandika: mutu wa kweli, mutu wa bibi mumoja, hana neno na mutu hata mumoja mu Durban. Dimanche, siku ya ibada, nitaisoma mbele ya bote, kisha nakupatia mu mikono. Batalia, utaona!"

"Asante sana, Pasta."

"Lakini kitu kimoja njo kinaniuma." Aliinama, akashusha sauti mpaka ikasikika na watu wa dukani tu. "Ule Mama Élisabeth. Miaka mbili iko kule nyuma. Kichwa nguvu! Weye njo ulisimama siku ile. Mbele ya kuenda, umuongeleshe kidogo. Aombe pardon, nimurudishe ku Meza. Ikuwe cadeau yako, zawadi ya mwisho kwa kanisa."

Tito alifungua mdomo. Alikuwa amejipanga tangu alfajiri, alikuwa na sentensi nzima kichwani, inaanza na "Pasta, kuna jambo". Mteja mmoja akagonga kwenye kioo cha kibanda cha simu akilalamika kwamba laini imekatika, Pasta akageuka, na aliporudi sentensi haikuwepo.

"Nitajaribu," alisema Tito.

Alitoka akitokwa jasho, mwezi Juni wa baridi. Hakwenda nyumbani. Alizunguka mtaa mara tatu, akapita bucha, akapita saluni za Wakongo, akavuka barabara taa ya robot ikiwa nyekundu mpaka dereva wa taxi akafunga breki na kumtukana mama yake kwa Kizulu. Tito alimwinulia mkono wa kuomba radhi. Ilikuwa radhi ya kwanza aliyoomba tangu jana, na aliona ajabu jinsi ilivyotoka kwa urahisi kwa mtu asiyemjua.

"Umemwambia?" Blandina alimuuliza mlangoni.

"Amenipa kazi. Nimshauri Mama Grâce atubu."

Blandina alicheka, kisha akaziba mdomo kwa upindo wa khanga, na mabega yakaendelea kutikisika, wala hakikuwa kicheko tena.

* * *

Jumamosi walikwenda pamoja. Shauri lilikuwa la Tito: wampe mwenyewe mkononi, kwa upole, waombe radhi pale pale, yaishe. Alilisema mara nyingi njiani hilo neno, yaishe.

Élisabeth alikuwa anasuka nywele Warwick Junction, chini ya daraja, amekaa kwenye kreti la bia, na mteja amekaa chini kati ya magoti yake. Mtoto wake, Grâce, alikuwa amelala juu ya kitenge kando yake, wabeba mizigo wakimpitia karibu na mikokoteni yao bila kumgusa, kama vile yumo katika ramani zao. Élisabeth aliwaona wakija. Mikono haikusimama.

"Mama Grâce, habari za kazi," alisema Tito. "Tuna maneno mawili na wewe."

"Muikale pale. Niko na mutu."

Pale palikuwa ukingo wa barabara. Wakakaa. Tito alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na watu waliokuwa wanapanga foleni ya taxi walimtazama mzee wa koti aliyekaa chini na miguu mtaroni. Nusu saa ikapita. Mteja mwingine akaja, naye akaambiwa bei, akakaa akasukwa nusu kichwa. Blandina alitaka kuinuka, Tito akamvuta mkono. Walikuwa wanasubirishwa na wote wawili walijua kwamba wanasubirishwa, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba si haki.

Mwishowe Élisabeth alijifuta mafuta mikononi. "Semeni."

Blandina alitoa bahasha chini ya kitenge chake, akaitanguliza mbele kwa mikono miwili, kama anayempa mkwe maji.

Élisabeth aliijua kabla haijafika. Lakini hakuigusa.

"Ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya picha," alisema Tito. "Ile ya ukutani. Mimi ndiye niliyeiweka, bila kujua. Nilidhani ni pateni za mke wangu. Juzi tu nimeifungua, Mama Grâce, nakuapia..."

"Usiniapie. Ninyi munapenda kuapa." Aliitazama bahasha. "Ile picha ya Bwana anasikia?"

"Ndiyo."

"Nilikuja kwenu nikapiga magoti. Unakumbuka, Blandina? Nilikuwa nimejifungua siku munane tu. Nilipiga magoti kwa kochi yenu, nikakulilia. Kumbe ilikuwa juu ya kichwa yangu." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na hapo ndipo Blandina alipoanza kulia.

"Nilikuwa na hofu," alisema Blandina. "Niliitafuta, dada, Mungu anajua niliitafuta."

"Mungu alijua tangu zamani. Batu njo habajui."

"Basi pokea," alisema Tito. "Hiyo hapa. Hospitali zipo, unaweza kuanza tena. Sisi Jumatatu tunaondoka, utusamehe, yaishe."

"Mulinikatalia wapi, Mzee Tito?"

Tito alirekebisha kola ya koti lake.

"Mulinikatalia mbele ya kanisa. Basi munirudishie palepale."

"Mama Grâce." Tito alitazama kulia na kushoto, akainama. "Kesho Pasta ananipa barua. Kazi yangu ya nyumbani iko kwenye barua hiyo. Nikisimama niseme haya, hataitoa. Miaka mitano yote itakuwa bure. Elewa na wewe, ni karatasi moja tu, lakini maisha yetu..."

Alijisikia mwenyewe, akaacha katikati.

"Endelea," alisema Élisabeth. "Unanifundisha mimi habari ya karatasi? Hospitali ilinilindia fasi mwezi muzima, kisha ikapatia mwingine. Nikasema niandike Bukavu wanipe ya pili. Shule iliungua, archives yote ya makaratasi majivu. Hakuna mutu mu Durban hii anaelewa karatasi kunishinda."

Mteja mwenye nusu kichwa akampiga Élisabeth gotini, akamwita dada kwa Kizulu na kumhimiza. "Sisi, shesha!" Élisabeth akashika tena fungu la nywele.

Tito, kwa kukata tamaa, alichukua bahasha mikononi mwa mkewe akaiweka juu ya kreti la pili, kati ya kitana na kopo la mafuta.

"Ukiiacha pale, nami nitaiacha pale," alisema Élisabeth bila kuinua macho. "Jioni nitabeba mutoto na viti yangu. Bafagiaji bataikuta."

Walimwamini. Mwanamke aliyekaa benchi la nyuma miaka miwili kwa kukataa kusema neno moja la uongo asingeshindwa na hilo. Blandina aliichukua bahasha, akaifuta mafuta kwa kiganja, akairudisha chini ya kitenge.

* * *

Jioni hiyo hawakula. Sufuria zote zilikuwa zimeshafungwa, na hakuna aliyetaka kufungua sanduku. Tito alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, hatua saba kwenda, saba kurudi.

"Nimepata," alisema. "Tunaipokea barua. Tunashukuru. Jumatatu, basi likishawasha injini, namkabidhi Pasta bahasha na kijikaratasi cha maelezo. Atatangaza mwenyewe Jumapili ijayo. Anarudishiwa mbele ya kanisa, si ndivyo anavyotaka?"

"Na sisi tutakuwa wapi?"

"Harare."

"Ndiyo maana si ndivyo anavyotaka."

"Sasa wewe unataka nini, Blandina? Ulitaka iwe siri miaka miwili, leo siku moja kabla ya kuondoka umekuwa mtakatifu? Utamwambia nini Lulu tukifika mikono mitupu? Utaiambia nini kamati ya chuo?"

Blandina alikuwa anapiga pasi gauni lake la kesho, gauni ambalo tayari lilikuwa limepigwa pasi. "Mimi sijui nitasema nini," alijibu. "Kila nikifumba macho naona magoti yake chini ya ile picha. Nilimpa maji ya kunywa siku ile, Baba Lulu. Nilimwambia Bwana atatenda. Nilimsindikiza mpaka mlangoni."

Tito aliendelea kutembea. Kichwani alikuwa ameshaanza kutunga neno la akiba, neno la kusema endapo mkewe kesho atafungua mdomo: mke wangu anaumwa kidogo, ni uchovu wa safari, homa imempanda kichwani. Lilikuwa neno zuri, lingeaminika. Hakumwambia.

* * *

Ukumbi wa kukodi ulijaa mpaka milangoni. Wanawake walivaa vitenge vya sare, kwaya ikaimba mpaka madirisha yakatetema, na meza ya mbele ilikuwa na zawadi za wasafiri: shuka, saa ya ukutani, keki iliyoandikwa SAFARI NJEMA kwa sukari ya buluu. Nyuma kabisa, kwenye benchi lisilo na mgongo, karibu na ndoo na mifagio, Élisabeth alikaa na mtoto wake mapajani.

Pasta Jacques alisoma barua kwa ile sauti yake, neno kwa neno. Mtu wa kweli. Watu wakasema ameni. Mtu asiye na neno na mtu. Ameni. Mke wake ni mfano kwa akina mama wa ushirika huu. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akaikunja, akamkabidhi Tito kwa mikono miwili, na Tito akaipokea. Aliihisi kati ya vidole vyake, nyepesi, na moyo wake ukapata raha fupi ambayo baadaye aliionea haya.

"Mama Lulu!" alisema Pasta. "Semako neno moja, tusikie sauti yako mbele ya kuenda."

Blandina alisogea mbele. Pindo la gauni lake lilikuwa linacheza hata aliposimama.

"Bwana asifiwe."

"Ameni!"

"Mwaka wa tisini na saba..." Sauti ilikatika. Mama mmoja wa mbele akasema pole, akidhani ni machozi ya kuaga. "Mwaka wa tisini na saba Mama Grâce alinipa bahasha nimtunzie. Alinipa. Mkononi mwangu, kwenye korido. Hii hapa. Niliapa hapa mbele kwamba hakunipa. Nilisema uongo."

Pasta Jacques alimtazama Tito, kanisa zima likamtazama Tito, kama watu wanavyomtazama mwenye nyumba mbwa wake anapobweka ovyo. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa lile neno la akiba. Tito alilihisi limekaa tayari kwenye ulimi. Alimtazama mkewe, amesimama peke yake, pindo bado linacheza, na akaona kwamba akilisema atakuwa amemfanyia Blandina jambo lile lile ambalo Élisabeth alifanyiwa, na mbele ya watu walewale.

"Ni kweli," alisema Tito. "Na mimi ndiye niliyeipigilia ukutani. Sikujua. Lakini nilisimama hapa nikamhukumu mtu kwa kitu nisichokijua. Hilo nililifanya kwa akili zangu."

Akamnyooshea Pasta Jacques ile barua. Pasta hakuipokea mara moja. Macho yake yalikuwa yamelowa, maana alimpenda Tito kweli. Kisha aliichukua, akaikunja tena, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Blandina alikuwa ameshaanza kutembea. Alipita katikati ya viti vyote, na watu wakivuta miguu kumpisha, hadi benchi la nyuma. Akainyoosha bahasha. Élisabeth akatikisa kichwa.

"Isome."

"Dada, ni Kifaransa. Sijui."

"Soma vile unaweza."

Blandina aliitoa karatasi. Alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, akijikwaa kila silabi, na kijana mmoja wa kwaya akacheka kwa pua, akafinywa na jirani yake. "É... Élisabeth Nabintu. In... fir... mi-ère." Alimaliza mpaka tarehe, mpaka majina ya waliotia sahihi.

"Rudia," alisema Élisabeth. "Kule mbele habakusikia."

Na kweli, kule mbele hawakuwa wamesikia. Wakaanza kugeuka. Wengine waligeuza shingo, wengine wakasimama wakageuza viti kabisa, mpaka kwaya, mpaka Pasta na keki na saa ya ukutani vikawa nyuma, na benchi lile karibu na mifagio likawa mbele ya watu wote. Blandina akasoma tena, kwa sauti. Safari hii jina alilisema bila kujikwaa.

Ndipo Élisabeth akanyoosha mkono akaichukua. Hakuibusu wala hakulia. Aliitazama ile picha ya msichana mwenye kofia nyeupe, akaiweka mapajani mwa mtoto wake, na mtoto akaiwekea kiganja juu yake. Blandina alibaki amesimama, mikono haina kitu. Hakujua kama anaruhusiwa kurudi mbele, wala kama mbele bado kuna mahali pake.

Élisabeth alimtazama kwa muda mrefu. Usoni mwake hapakuwa na msamaha, wala hapakuwa na kisasi. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi.

"Ikala," alisema.

Blandina akakaa.